Sauti Zilizojaza Diski

Kompyuta ya kituo chetu ilikuwa na mifumo miwili, na kwa muda mrefu mmoja wapo niliutumia peke yangu.

Kituo kilikuwa Chake Chake, kwenye nyumba ya mawe iliyoezekwa bati jipya, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia walimu wa skuli za karibu. Walikuja kuazima vitabu, kutoa kopi, na zaidi kuchapisha mitihani. Aliyetuongoza alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, mzaliwa wa Chokocho, mwalimu tangu ujana wake, ambaye sote tulimwita Bi Mkuu. Mimi nilikuwa mchapaji wake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni Unguja, nina cheti changu cha kompyuta, na nikijiona najua mambo.

Ukiiwasha kompyuta ile, kabla ya kitu chochote kioo kilikuwa cheusi na kikakuuliza unataka kuingia wapi, Windows au Linux. Usipojibu ilijipeleka yenyewe Windows, na huko ndiko walikokwenda wote. Wafadhili walioileta ndio walioigawa diski yake: sehemu kubwa wakaipa Windows, na sehemu ndogo, kiasi cha giga ishirini, ikawa ya Linux. Aliyeko Windows alikuwa haoni kabisa kilichomo upande wa pili. Walimu waliuogopa upande huo. Walisema vitufe vyake viko siko, na maandishi yake yote ya Kizungu kigumu. Mimi niliupenda kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa na jambo langu ambalo sikutaka mtu alione.

Jambo lenyewe lilikuwa herufi M. Sisi Wapemba, m ikitangulia t au k au ch, huitamka n. Mtoto kwetu ni ntoto, mchele ni nchele, na mkutano ni nkutano. Nilizaliwa Wambaa nikakulia Wambaa, na sikujua kama nasema vyengine hadi nilipokwenda Unguja kusoma. Wiki ya mwanzo mwalimu alinisimamisha nisome taarifa ya habari kutoka gazetini. Ilikuwa inaeleza kuwa Mkuu wa Mkoa amefungua mkutano. Nilipofika mwisho wa sentensi darasa zima lilikuwa limelala juu ya meza kwa kicheko. Tangu siku ile jina langu likawa Nkuu wa Nkoa, na wako walioniita hivyo mpaka tunatoka chuoni.

Hicho kilikuwa kicheko cha vijana, na ningekizoea. Lakini ilikuwa ni miaka ya vyama vingi, na ulipoingia msimu wa kampeni niligundua kwamba n yangu ilikuwa inawaambia watu nimo upande gani, maana Mpemba alihesabiwa mpinzani, hata kama mwenyewe sijafungua mdomo kuzungumza siasa. Muuza mikate wa mtaa niliopanga, aliyekuwa na kawaida ya kunitania kila asubuhi, aliacha kunitania. Alinipa mkate bila ya kuniangalia. Sikuwahi kumwambia lolote juu ya kura. Nilikuwa nimeomba nkate tu.

Nilirudi Pemba na cheti mkononi na nia moja moyoni: siku moja nisome habari redioni, nisikike visiwani kote, na asiwepo hata mtu mmoja wa kujua natoka wapi. Leo nikiiandika nia hiyo naona haya. Wakati ule niliiona safi kabisa.

Kwa hiyo, wenzangu wakishaondoka alasiri, nilikuwa nabaki. Nilizima feni isivume, nikafunga madirisha, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya ili niingie Linux. Tulikuwa na maikrofoni ya kurekodia masomo ya Kiingereza kwa ajili ya skuli za shamba. Niliichomeka, nikafungua gazeti la zamani, nikasoma. Kisha nikajisikiliza. Nikikosea nilirudia, na nikirudia nilijisemesha mwenyewe kwa ukali, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito. Jasho lilinitiririka mpaka baibui likaniganda mgongoni. Nikimaliza niliifuta rekodi. Hilo sikulisahau hata mara moja. Nilibonyeza kufuta, jina la faili likatoweka mbele ya macho yangu, nikaenda zangu nyumbani na moyo uliotulia.

Sikujua kuwa kwenye mfumo ule kufuta ni kuhamisha. Kila nilichokifuta kilikwenda kukaa katika pipa la taka, na pipa lenyewe lilikuwa alama ndogo pembeni kabisa ya kioo ambayo sikuwahi kuibonyeza. Na rekodi zangu zilikuwa za aina isiyobanwa, kila dakika moja ikila nafasi ya vitabu vingi. Cheti changu hakikuwa kimenifundisha hayo, au kilinifundisha na mimi sikusikiliza.

Mambo yalibadilika upande wa Windows ulipochafuka. Walimu walileta flashi zao kutoka kila pembe ya kisiwa, na kila flashi na virusi vyake. Mitihani ikawa inapotea, au inafunguka ikiwa alama tupu. Mtihani wa majaribio wa wilaya ulipokaribia, Bi Mkuu akasema amesikia kuwa Linux haishikwi na virusi hivyo, basi kazi yote ihamie huko. Alinitaka nimuoneshe. Nilimuonesha kwa furaha, maana sikuwa na wasiwasi wowote. Alikaa pale kitini kwangu na miwani yake, akajifunza kuingia na kutoka kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao.

Asubuhi moja tuko katikati ya karatasi ya hesabu, nilipotaka kuihifadhi kompyuta ilikataa. Ilisema hakuna nafasi. Nilijaribu tena ikasema vile vile. Bi Mkuu alitoka ofisini kwake akasimama nyuma yangu, akaniuliza imekuwaje nafasi imekwisha ilhali upande huu tumeuhamia juzi tu. Nilimjibu kuwa sijui, na kweli sikujua.

Akampigia simu mwalimu wa fizikia wa skuli ya Madungu. Alikuwa kijana wa ukoo wa Kiarabu, babu zao walikuwa na mashamba ya karafuu zamani, yeye mwenyewe hana shamba wala mti, ana pasi ndogo ya kulehemia nyaya na sanduku la bisibisi. Alikuwa mtu wa haya na adabu nyingi, na tulimwita kila mashine ilipotushinda. Alikuja kabla ya adhuhuri. Alianza kwa kuingia Windows, akatuonesha ramani ya diski: hii sehemu yenu kubwa, na hii hapa ndogo ndiyo Linux, lakini kwa hapa tunauona ukubwa wake tu, ndani hatuoni. Akaizima, akaiwasha, akaingia kule. Alifungua programu ambayo sikuwa naijua, inayopima kila folda imechukua kiasi gani na kuchora duara la rangi. Tuliisubiri ihesabu. Bi Mkuu alijisogezea kiti.

Duara lilipotokea, karibu lote lilikuwa rangi moja. Mwalimu aliweka kishale juu yake akasema ni pipa la taka, kuna mafaili mengi yaliyofutwa lakini hayakuondolewa, na yote ni ya sauti. Alisema ni jambo dogo, alimwage pipa, kazi iendelee.

Hapo ndipo nilipofahamu. Nilihisi masikio yamepata moto. Nikasema upesi, "Yamwage tu, Mwalimu. Hayana maana."

Nilisema kwa haraka mno, na nadhani ndiyo iliyomtia shaka Bi Mkuu. Yeye hakufikiri ubaya. Alifikiri ni masomo ya Kiingereza tuliyoyarekodi kwa ajili ya skuli za shamba, kwamba nimeyafuta kwa makosa na sasa naogopa kusema. Alinigusa bega akaniambia nisiogope, kila ntu hukosea. Halafu akamwambia mwalimu, "Fungua moja tusikilize kwanza. Kazi ya serikali haimwagwi bila ya kutazamwa."

Mwalimu alifungua pipa, majina ya mafaili yakashuka kioo kizima, akachagua moja katikati. Spika zilikuwa zimefunguliwa kwa sauti kubwa tangu siku ya mwisho tulipowafanyia walimu mafunzo.

Ikatoka sauti yangu. Ilikuwa nyembamba na ya kujivuta, sauti ya mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Ilisoma kuwa Nkuu wa Nkoa amewataka wananchi kudumisha usafi. Ikakatika. Ikasema, "Mkuu. Mmm. Mkuu wa Mkoa." Ikarudia hivyo mara nyingi, nikakosea tena, nikavuta pumzi kwa hasira. Kisha nikasema, waziwazi kabisa, "Funga mdomo kwanza, wewe. Unasema kama Bi Mkuu."

Na kama kwamba hilo halikutosha, nilimuigiza. Niliifanya sauti yangu nzito, nikaiburura kama anavyoiburura yeye anapotoa matangazo mbele ya walimu: nkutano umeakhirishwa, kila ntu arudi skulini kwake, na nsije nkachelewa. Nilimuigiza vizuri sana. Mwisho nilijichekea mwenyewe, kicheko kifupi cha mtu aliye peke yake chumbani.

Mwalimu wa fizikia alikuwa anahangaika na mausi kutafuta pa kuizimia. Bi Mkuu alimuwekea mkono, asizime. Aliisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi anapomsomea. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu juu ya meza. Sikupata kutambua kabla ya siku ile kwamba aibu ina uzito, inakushika mabegani na kukukandamiza kitini usiweze hata kuinuka ukatoka.

Ilipokwisha aliniuliza, "Zote ziko hivi?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Bi Mkuu."

"Basi mwage," akamwambia mwalimu, na akauliza zikitoka itapatikana nafasi kiasi gani. Mwalimu akamwambia itatosha kwa mitihani ya miaka mingi. Bi Mkuu akasema alhamdulillahi, akainuka akaenda ofisini kwake akarudishia mlango.

Mwalimu alilimwaga pipa. Ilichukua muda, mstari mdogo ukijaa polepole, na tulikaa sote wawili tukiutazama ili tusitazamane. Baadaye alinionesha namna ya kukagua nafasi mwenyewe na namna ya kufuta moja kwa moja bila ya kupitia pipani. Alinieleza taratibu, kwa sauti ya chini. Alipokuwa anafunga mkoba wake alisema spika zile zina mkwaruzo, mtu hasikii vizuri linalosemwa. Zilikuwa hazina mkwaruzo. Nilimshukuru, na nikatamani angeniambia neno baya badala yake.

Nililala vibaya, na asubuhi yake nilikwenda mbele ya Bi Mkuu kabla sijavua viatu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu nyumbani, kuhusu chuoni, kuhusu jina nililopewa, kuhusu muuza mikate, ili ajue kwamba haikuwa yeye niliyemkusudia. Niliyasema nusu yake tu, kwa sababu nilisikia jinsi yanavyotoka. Yalitoka yote kwa m iliyonyooka. Nilikuwa nishajifundisha mpaka nimefaulu, na hata kumuomba radhi nilikuwa namuomba kwa sauti ile ile ya kuazima.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Mimi hukunikosea adabu. Hukujua kama nitasikia." Akaivua miwani. "Nimewasomesha watu kusoma umri wangu wote, wengine leo ni mahakimu. Sikuwahi hata siku moja kujisikiliza nnavyosema. Jana ndiyo nilijisikiliza."

Nilimwambia kuwa yeye hana kosa lolote la kusahihishwa. Aliniambia niende nikamalize mtihani wa hesabu, skuli zinausubiri.

Alisema mtihani. Alifunga midomo kabisa kabla ya kulitamka, kama mtu anayeonja kitu cha moto. Siku zote ulikuwa ni ntihani. Nilisimama mlangoni nikidhani nimesikia vibaya.

Sikusikia vibaya. Tangu siku hiyo Bi Mkuu alianza kujichunga mbele yangu. Alikuwa akitoa matangazo kwa walimu na akikaribia neno lenye m, unamuona anapunguza mwendo, anajiandaa, kisha analivuka. Mara nyingine alilivuka salama na mara nyingine alikosea akarudi nyuma. Walimu wa zamani walitazamana, wakadhani labda meno yanamsumbua. Akizungumza kwa simu na dada yake wa Chokocho ilikuwa yeye mwenyewe, akicheka, ntu fulani kafanya hivi na ntoto wa fulani kafanya vile. Nilikuwa naisikia sauti hiyo nikiwa ukumbini. Nikiingia na karatasi za kutiwa saini, sauti ilibadilika kabla sijafika mezani. Nikawa sipendi kuingia. Nikawa naziweka karatasi mpaka ziwe nyingi, niingie mara moja tu.

Nilijaribu kulirekebisha kwa njia yangu. Nilirudi kusema Kipemba pale kituoni, ntu na nti na nchele, nikiamini kwamba akinisikia atajiachia. Nilifanya hivyo siku chache. Siku moja aliniangalia juu ya miwani kwa muda, wala si kwa hasira, na mimi nikajua ameona kuwa naigiza tena. Nikaacha. Ikawa sina tena namna ya kuzungumza naye isiyokuwa na kasoro, nikasema machache iwezekanavyo.

Nafasi ya redio nilikuwa nimeiomba kabla ya yote hayo, na baada ya miezi kadhaa nikaitwa Unguja kujaribiwa. Mama alinikaangia samaki wa njiani akanipakia kwenye kikapu. Nikavuka. Nilisoma kurasa mbili mbele ya maikrofoni ya kweli, na wala sikukosea m hata moja. Mzee aliyetusimamia alivua vifaa vya masikioni akaniuliza kwetu wapi. Nilimjibu Wambaa, Pemba.

"Mbona husikiki kama Mpemba?" akaniuliza.

Aliuliza kwa wema tu, nadhani hata alikusudia kunisifu. Maneno niliyoyangojea miaka yote yalikuwa hayo, na yalipokuja nikaona haya kama niliyoyaona mbele ya zile spika, nikatamani ardhi inipokee. Aliendelea kusema kuwa nasoma sawasawa lakini kama mtu anayepita penye kitu kinachoweza kumwagika, na msikilizaji huchoka kumwogopea. Wakamchukua mwengine. Sikulia. Nilirudi kazini siku ya pili yake, na Bi Mkuu akaniuliza safari ilikuwaje. Nilimwambia sikupata, akasema pole sana, mtoto wangu. Nayo aliisema kwa m yake ya kujifunza.

Alistaafu mwaka uliofuata. Tulimfanyia shughuli ya kumuaga pale pale ukumbini. Tuliondoa meza za vitabu, tukatandika mikeka, pakapikwa biriani. Walikuja wakubwa wa wizara kutoka Unguja, na walimu wengi aliowasomesha tangu wakiwa wadogo, na dada yake wa Chokocho na watu wa nyumbani kwao. Mimi nilikuwa nasimamia sahani. Mwalimu wa fizikia alifunga spika zile zile na maikrofoni ile ile, maana kituo hakikuwa na nyengine.

Bi Mkuu aliposimama kutoa shukurani zake ukumbi ulitulia. Aliwashukuru wakubwa, akawashukuru walimu wenzake, akaeleza alivyoanza kazi kwenye darasa la makuti. Alisema polepole, kila neno amelipanga. Watu wa kwao walikuwa wanasikiliza kwa mshangao kidogo, kama wamealikwa kumsikiliza mgeni. Akafika pahala pa kusema kuwa amezifanya kazi hizi bila ya kumbagua ntoto wa ntu yeyote, na maneno hayo yakamtoka kama yalivyokuwa yakimtoka miaka yote, kabla hajapata wakati wa kujiandaa. Wenzangu wengi waliitikia kwa kichwa, maana yalikuwa kweli. Yeye alisita. Macho yake yalitafuta katika ukumbi mpaka yakanipata mimi, nimesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mkononi.

"Mtoto wa mtu yeyote," akasema, akaendelea.

Nilitazama chini, kwenye wali.